Toleo la Saba, Ukurasa wa Mwisho

Kwa Mzee Mwinshehe, fundi viatu wa Gerezani,
jarida la *Pingu* halikuuzwa, lilikodishwa:
shilingi moja, usome hapo hapo benchini,
marufuku kulamba kidole, marufuku kukunja,
na akisema muda umekwisha, umekwisha,
hata kama jambazi ndiyo kwanza ameshika kitasa.

Hadithi nne katika toleo moja,
zimebanana kama wapangaji:
kasha la benki lililoyeyuka Kisutu,
noti bandia chini ya kiwanda cha sabuni Chang'ombe,
maiti ya Kurasini yenye kiatu kimoja,
na ya nne, fupi, ya mlevi na jini,
ili tupumue.

Halafu Inspekta Kologwe.
Koti refu hadi magotini,
Februari, saa saba mchana, katikati ya Kariakoo,
kola imesimama, wala hatoki jasho.
Nilimuuliza Mzee: huyu hasikii joto?
Akatema misumari kiganjani.
"Wino hautoki jasho," akasema.
"Ila mchoraji kakosea miguu.
Hakuna soli ya namna hiyo duniani."

Karatasi ilikuwa rangi ya uji wa mtama,
wino wake haukauki.
Ile PAA! ya bastola
ilihamia kwenye dole gumba langu,
toka hapo ikaenda kwenye kaptura ya shule,
na mama, asiyewahi kusoma upelelezi hata mstari,
akatazama kaptura, akatazama kidole,
kesi ikaisha kabla chai haijapoa.

Toleo la saba, maiti ya Kurasini inafika mwisho.
Inspekta kawakusanya wote sebuleni:
mhasibu, dereva, mjane wa miwani myeusi,
shemeji mwenye kikohozi.
"Muuaji," anasema, "yumo humu ndani."
Ananyoosha mkono.
Nafunua.

Hakuna.
Pamechanwa, meno meno,
kimebaki kidole chake tu pembeni,
kinanielekea mimi.

"Wa mwisho kulishika ni wewe," akasema Mzee Mwinshehe.
"Shilingi ishirini."

Basi nikafungua jalada.
Nikasaga mkaa, nikaupuliza kwenye kila kitu.
Nikamshuku Kibwana muuza karanga,
nikanunua pakiti baada ya pakiti,
nikifungua karatasi zake moja moja:
bei za saruji, hesabu za darasa la nne,
barua ya mtu anayeomba asamehewe.
Nilikula ushahidi mwingi wiki ile.

Nikaupata nyumbani. Chini ya godoro la dada yangu Siwatu,
umekunjwa mara nne.
Muuaji alikuwepo, picha ya tatu,
hatimaye mtu mmoja anatoka jasho.
Lakini jicho langu likateleza chini,
kwenye picha ya mwisho, pale alipolala yule mwanamke,
aliyelala hivyo hivyo tangu toleo la nne,
bila jina, bila neno,
wanaume wa makoti wakimruka ruka
kutafuta vitako vya sigara.

Siwatu alikuwa amemchorea puto la maneno,
kwa penseli, kutoka mdomoni:
*Naitwa Rukia. Kiatu changu kingine kiko wapi?*
Na kando ya mguu ule mtupu
akamchorea kiatu.
Soli yake sawasawa. Mzee Mwinshehe angeikubali.

Nikakunja mara nne, nikarudisha.

Ishirini nililipa kwa kunyoosha misumari iliyopinda,
Jumamosi tano, sikutaja mtu.
Muuaji simkumbuki sasa. Nadhani mhasibu;
siku zile ilikuwa mhasibu kila mara.
Daftari ndilo ninalo bado:
*Jalada namba moja. Limefungwa. Mhalifu hajulikani,*
na chini yake, bila kukusudia,
dole gumba, jeusi, mistari yote inasomeka.
Dogo kuliko langu.